Geuza Kigari, Usome Chini Yake

Somo hili ni la madarasa yetu ya kusoma na kuandika ya Mbeya na Iringa, lakini yeyote aliye karibu na redio na asikilize. Mwalimu wa darasa, tafadhali gawa kurasa zilizopigwa chapa, ili kila mwanafunzi afuate maneno kwa macho huku akiyasikia kwa masikio. Anayekaa nyuma asogee karibu na taa.

Leo sisemi habari za mbolea, wala za kuchemsha maji ya kunywa. Nasema habari za vigari vya kuchezea watoto. Najua wako watakaocheka. Mtu mzima na kigari cha mtoto, wapi na wapi? Haya, chekeni kwanza, halafu tuendelee, maana kigari nilichokishika hapa mkononi kina maandishi, na penye maandishi ndipo penye kazi yetu.

Kigari chenyewe ni kidogo. Urefu wake haufiki kidole cha kati. Ukikiweka kiganjani wasikia uzito kuliko ulivyotazamia. Rangi yake ya kijani imebanduka, na gurudumu moja halipo. Nilikinunua katika soko la Mwanjelwa, mjini Mbeya, kwa bei ya maandazi mawili. Kilikuwa ndani ya boksi la viatu pamoja na vifungo, vijiko na saa zilizokufa. Mwenye meza aliniuliza kama nina mtoto mdogo. Nikamwambia ninaye, lakini hiki ni changu.

Katika nchi nyingi wako watu, wake kwa waume, wanaokusanya vigari vya namna hii kama wengine wanavyokusanya stempu au sarafu za kale. Kununua si jambo kubwa kwao. Furaha yao hasa ni kumtafuta aliyekitengeneza. Viwanda vikubwa vinajulikana na habari zao zimeandikwa vitabuni. Kazi ngumu iko kwa viwanda vidogo vilivyozaliwa baada ya vita ya mwaka 1939 hadi 1945, vikafanya kazi miaka michache katika chumba kimoja au viwili, kisha vikafunga milango. Mafundi wake wengi hawakuacha hata karatasi moja. Kilichobaki ni kigari, na kigari hakisemi ila kwa mwenye kukitazama vizuri.

Vilifikaje huku kwetu? Kabla ya Uhuru wa mwaka 1961 walikuwapo walowezi wa Kizungu katika nyanda hizi. Walilima tumbaku Iringa, na chai Mufindi na Tukuyu. Wengine walifuata dhahabu ya Chunya. Watoto wao walikaa shule za bweni, kama ile ya St Michael's and St George's pale Iringa, ambayo baadaye ikawa shule ya Mkwawa na leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Mtoto wa bweni ana sanduku lake, na ndani ya sanduku la mtoto wa kiume wa siku zile si ajabu kukuta kigari. Wazazi walipofungasha mizigo kurudi kwao, vitu vingine waliviuza, vingine wakawaachia wapishi na watunza bustani. Mtoto wa mpishi akapata kigari chenye magurudumu matatu, akafurahi vilevile. Siku hizi vigari vingine huja ndani ya marobota ya mitumba, vimejificha katika mfuko wa suruali.

Sasa tutazame namna vilivyotengenezwa, maana asiyejua kazi hawezi kumtambua fundi.

Vigari hivi si vya chuma, ingawa watu husema ni vya chuma. Ni vya zinki iliyochanganywa na aluminiamu kidogo na madini mengine. Fundi huisubu, yaani huiyeyusha na kuisukuma kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma yenye vipande viwili. Zinki huyeyuka kwenye joto la digrii 420 hivi za Selsiasi. Chuma hakiyeyuki mpaka joto lifike digrii 1,500 na zaidi. Kwa hiyo kalibu ya chuma haidhuriki, na kalibu moja yaweza kutoa vigari maelfu kwa maelfu, vyote sawasawa kama mapacha. Kigari kikipoa, vipande viwili vya kalibu huachana, na vijiti vidogo hukisukuma kitoke.

Ukitaka kuhakikisha, chukua sumaku kutoka katika spika ya redio mbovu. Isogeze kwenye bodi ya kigari. Haitashika. Isogeze kwenye ekseli, au kwenye bati la chini kama lipo. Hapo itashika, maana hizo ni za chuma.

Basi geuza kigari chako. Huko chini, tumboni, ndiko fundi alikoandika, kama aliandika. Herufi zake zimeinuka kidogo kwa sababu zilichimbwa ndani ya kalibu. Kama macho yako ni dhaifu, paka majivu kidogo kwa kidole, kisha pangusa juu juu. Majivu yatabaki mabondeni na herufi zitaonekana. Changu kimeandikwa hivi, kwa herufi kubwa, nanyi someni pamoja nami: M, A, D, E. MADE. I, N. IN. E, N, G, L, A, N, D. ENGLAND. Ni maneno ya Kiingereza, maana yake "Kimetengenezwa Uingereza". Chini yake pana neno LESNEY.

Neno hilo Lesney halimo katika kamusi yoyote ya Kiingereza. Mwaka 1947, vita imekwisha, vijana wawili waliokuwa askari wa majini walianzisha kiwanda kaskazini ya London. Mmoja aliitwa Leslie Smith na mwingine Rodney Smith. Majina yao ya ukoo yalifanana lakini hawakuwa ndugu. Wakachukua mwanzo wa jina la Leslie na mwisho wa jina la Rodney, wakaunganisha: Les-ney. Kiwanda chao cha kwanza kilikuwa nyumba iliyokuwa kilabu cha pombe hapo zamani. Akaungana nao fundi hodari wa kusubu, Jack Odell. Kwanza walisubu vipuri vya viwanda vingine. Kazi hizo zilipopungua wakaanza kusubu vitu vya kuchezea.

Mambo yalikuwa magumu. Vita ya Korea ilianza mwaka 1950, zinki ikahitajika kwa silaha, na serikali ya Uingereza ikabana matumizi yake kwa vitu vya kuchezea. Rodney Smith alijitoa mwaka 1951. Wale wawili wakaendelea. Mwaka 1953 Malkia Elizabeth wa Pili alipovikwa taji, walitengeneza sanamu ndogo ya gari lake la farasi, wakauza zaidi ya milioni 1.

Kuna habari nyingine ya Odell inayonipendeza zaidi. Shule ya binti yake haikuruhusu mtoto kuleta kitu cha kuchezea ila kile kinachoenea ndani ya kisanduku cha kiberiti. Baba mtu akatengeneza mtambo mdogo wa kushindilia barabara, ukaenea kisandukuni. Watoto wengine shuleni nao wakataka. Hapo ndipo ulipotoka mfululizo wa vigari vilivyouzwa tangu mwaka 1953 ndani ya visanduku kama vya kiberiti, kwa jina la Matchbox, yaani kisanduku cha kiberiti. Cha kwanza kilikuwa mtambo wa barabara, cha pili lori la kumwaga kifusi, cha tatu mashine ya kuchanganya saruji. Mwenye kufanya kazi barabarani ataona kwamba fundi huyu aliwatazama watu wa kazi kabla ya kuwatazama matajiri na magari yao.

Hata magurudumu yanasema. Vigari vya kwanza vya Matchbox vina magurudumu ya madini matupu. Baadaye yakawa ya plastiki ya kijivu, halafu ya plastiki nyeusi. Mwaka 1969 yakaja magurudumu yaendayo mbio juu ya ekseli nyembamba. Kwa hiyo ukiniletea Matchbox yenye magurudumu ya kijivu, nitakuambia ni ya kabla ya mwaka 1969 hata kama maandishi yamefutika. Kiwanda cha Lesney kilifilisika mwaka 1982, na jina la Matchbox likanunuliwa na watu wa Hong Kong. Tangu mwaka 1997 ni la kampuni ya Mattel ya Marekani. Ukisoma Matchbox na chini yake MACAU, CHINA au THAILAND, jua ni mtoto wa baadaye.

Hapa nataka muwe waangalifu. Jina lililoandikwa si lazima liwe la mtengenezaji. Visanduku vya mwanzo vya Matchbox vina neno Moko. Ukisoma haraka utasema fundi ni Moko. La, Moko ni jina la kibiashara la akina Kohnstam, wafanyabiashara waliovinunua kwa Lesney na kuvisambaza madukani. Ni kama mfuko wa unga: jina la muuzaji laweza kuwa kubwa usoni mwa mfuko, na jina la mashine iliyosaga lisiwepo kabisa.

Tena kalibu husafiri. Kampuni ya Meccano ya Liverpool ilianza vigari vyake vya Dinky mwaka 1934, na huenda ndivyo vilivyojulikana kuliko vyote kwa muda mrefu. Kalibu zake zilipozeeka, baadhi zilipelekwa India mwishoni mwa miaka ya 1960, zikaendelea kutoa vigari huko Calcutta. Wahindi wakachonga na kulifuta jina la Dinky, wakaweka Nicky. Umbo ni lile lile, lakini kingo zimelegea kidogo kwa sababu kalibu imechoka, na rangi ni nyingine. Basi ukikuta Nicky, baba yake ni wa Liverpool na mama yake ni wa Calcutta. Mimi napenda Nicky kuliko Dinky yenyewe.

Vigari vingine havina jina lolote. Hapo ndipo mtu anapoonyesha akili yake. London ya baada ya vita ilikuwa na wasubu wadogo wengi. Ndugu wawili, Charles na Ben Reid, waliunganisha majina yao wakapata Charbens. Ndugu wengine wawili, Jack na Nathan Benenson, waliita kazi yao Benbros. Waliuza vigari vidogo ndani ya visanduku vilivyochorwa kama televisheni, maana televisheni ilikuwa kitu kipya watu wanakitamani. Morris na Stone walijiita Morestone, nao wakauza ndani ya visanduku vyenye umbo la pampu ya petroli. Kila mmoja alitafuta njia ya kumfanya mtoto amvute mama mkono dukani. Lakini kisanduku hutupwa siku ile ile, na kigari mara nyingi kiliandikwa MADE IN ENGLAND tu, bila jina la mtu.

Utamjuaje sasa? Anza na ncha za ekseli. Fundi mmoja huzibana kwa koleo zikawa bapa. Mwingine huziponda zikapata kichwa cha mviringo kama cha msumari. Kisha tafuta mstari mwembamba unaopita ubavuni. Huo ni mpaka wa vile vipande viwili vya kalibu, na kila fundi ana mahali pake pa kuuficha. Tazama ndani ya bodi utaona alama ndogo za duara. Hizo ni nyayo za vile vijiti vilivyokisukuma kigari kitoke. Zihesabu, chora zilipokaa. Ukipata kigari kingine chenye jina, na alama zake zimekaa vile vile, ekseli vile vile, herufi ya G katika ENGLAND ina mkia ule ule, unaweza kuanza kusema kwamba vimetoka katika mikono ya watu wale wale. Nasema kuanza. Alama moja haitoshi, kama kwato moja njiani haikuambii ng'ombe ni wa nani.

Kabla sijaenda mbele, niseme maneno mawili ya tahadhari. Rangi za vitu vya kuchezea vya miaka ile mara nyingi zilikuwa na risasi, nayo ni sumu. Usimpe mtoto mchanga kigari cha zamani akitie mdomoni. Na wewe ukishakishika, nawa mikono kabla ya kula. La pili, usikisugue kwa mchanga wala kukipaka rangi mpya ili kipendeze. Ukikipaka rangi umefuta ushahidi, tena umepunguza bei yake. Wako wanunuzi wanaopita mitaani na kununua vitu vya kale kwa fedha kidogo sana, wakijua kwamba mwenye nyumba hawezi kusoma kilichoandikwa chini. Wewe soma kwanza, ndipo mpatane.

Utakuta pia vigari vilivyopasuka vyenyewe, bila kupigwa, bodi imejaa nyufa kama udongo wa kiangazi. Huo ni ugonjwa wa zinki. Risasi ikiingia hata kidogo sana katika zinki wakati wa kusubu, madini hujila yenyewe polepole kwa miaka. Dinky nyingi za kabla ya vita zimekufa hivyo. Ugonjwa huo hauna dawa. Kiweke mahali pakavu, kipige picha, andika habari zake.

Wenzetu hao wa Ulaya nao walitutazama sisi. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye yakaitwa East African Safari. Mwaka 1962 ilishinda Volkswagen iliyoendeshwa na Tommy Fjastad. Mwaka 1965 kiwanda cha Corgi, kilichokuwa Swansea katika nchi ya Wales, kilitoa kigari cha Volkswagen cha Safari hiyo, na ndani ya kisanduku wakatia kifaru mdogo. Gari likapata fundi, likapata namba yake ya mashindano, na kifaru akapata nafasi. Watu waliokaa kando ya barabara wakilisukuma gari matopeni hawakutiwa. Nadhani kisanduku kilikuwa kidogo.

Sasa tuje kwetu. Barabara yetu, ile itokayo Dar es Salaam ikapita Iringa na Mbeya hadi Tunduma, imekuwa shule ya magari kwa watoto wa nyanda hizi. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith kule Rhodesia ilijitangazia uhuru. Zambia ilikuwa ikipitisha mizigo yake mingi upande huo, na njia ikaharibika. Ikabidi mafuta yaende Zambia na shaba itoke kwa malori, kwa barabara yetu, ambayo wakati huo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Masika malori yalizama, yaliteleza, yalipinduka. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968; reli ya TAZARA ilijengwa kuanzia mwaka 1970, nayo ikapita Makambako na Mbeya. Lakini miaka ile ya malori, watoto walikaa juu ya kingo za barabara kutwa nzima wakitazama: lori hili lina tela, lile halina, hili pua ndefu, lile pua fupi, hili linanguruma hivi, lile vile.

Jioni wakarudi nyumbani wakayatengeneza. Wa mianzi, kwa mianzi. Wa mabua, kwa mabua. Aliyepata kopo la mafuta alilipasua, akalinyoosha kwa jiwe, akalikunja likawa bodi. Magurudumu yakatoka katika kandambili zilizokatika. Waya mrefu ukawa usukani, ili dereva atembee wima nyuma ya gari lake. Ninyi mnaonisikiliza, wengi wenu mliyatengeneza hayo. Sikuambii habari ngeni.

Swali langu ni hili: chini yake mliandika nini?

Ninalo lori moja la bati lenye tela, nililolipata Makambako kwa mama mmoja anayeuza vyungu. Nililigeuza kama nilivyozoea. Chini hapana jina. Ila lilikuwa la bati la kopo lililopinduliwa, maandishi ya kiwanda yakabaki upande wa ndani. Nikachungulia kwa tochi. Nikasoma sehemu ya anwani, na mwisho wake TANZANIA. Mnaona? Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na jina Tanzania likaanza kutumika mwaka huo huo. Basi lori hili haliwezi kuwa la kabla ya mwaka 1964. Neno moja tu, na limetupa mwaka.

Mama akasema lori lilitoka kwa shemeji yake, Igawa. Nikaenda Igawa. Shemeji akasema alilikuta katika nyumba aliyopanga. Karibu na kituo cha basi yuko fundi wa bati, mzee sana, anayetengeneza taa na mikebe. Nikamwamkia, nikampa lori. Aliligeuza mara mbili, akalinusa, ndiyo, alilinusa, akaniambia, "Mwanangu, hili si langu. Mimi bati nalikunja kwa ndani. Huyu amelikunja kwa nje, tena tela amelifunga kwa spoku ya baiskeli, akaizungusha mara tatu. Nenda Chimala. Yuko mtu alikuwa utingo wa malori ya shaba. Yeye ndiye alikuwa akifunga mara tatu."

Mtu huyo nilikuta amekwisha fariki. Yuko binti yake, mama mwenye wajukuu. Nilimweleza haja yangu mlangoni. Akanitazama kama mnavyonitazama ninyi sasa. Kisha akaingia ndani, akatoka na malori mawili yenye mavumbi. Bati limekunjwa kwa nje. Spoku imezungushwa mara tatu. Nikamwomba anishikie moja, nikaligeuza langu kando ya lake, tukahesabu pamoja matundu ya misumari: tisa na tisa.

Akasema baba yake aliyatengeneza kila kiangazi, baada ya kuacha kazi ya malori, akawagawia watoto wa jirani. Hakuuza hata moja. Mara tatu ni kwa sababu tela la lori lake halisi lilichomoka mlimani siku moja, na mwenziwe akaumia. Tangu siku hiyo hakuamini fundo moja. Nikamwuliza, "Mama, mbona hakuandika jina lake chini?" Akanijibu, "Mwalimu, baba hakujua kuandika."

Nilitoa kadi nikamwomba anitajie jina, niandike. Akaniomba kalamu. Yeye alikuwa amepita darasa kama hili lenu, zamani kidogo. Aliandika polepole, jina la baba yake na la babu yake, herufi moja moja, akafuta moja akaiandika upya. Ilimchukua muda kama wa kuchemsha chai. Jina lile silitangazi redioni, maana ni mali yao na sikuwaomba ruhusa hiyo. Lakini kadi ninayo, nayo imefungwa kwenye lori kwa uzi.

Haya, chukueni daftari. Kazi ya wiki hii ni kadi. Kata karatasi ngumu, ukubwa wa kiganja. Boksi la sabuni latosha. Tafuta kitu kimoja cha kuchezea kilicho nyumbani kwako au kwa jirani, kiwe cha zinki kutoka Ulaya au cha bati, waya, mianzi au udongo kutoka hapa hapa. Kigeuze. Kama kina maandishi, yanakili herufi kwa herufi hata kama huelewi lugha yake. Usiongeze wala usipunguze. Kama hakina, andika kimetengenezwa kwa nini na kimeungwa namna gani. Kisha uliza nani alikitengeneza, na andika jina lake lote, la kwake na la baba yake, na kijiji, na mwaka kama unajulikana. Mwaka usipojulikana, andika jambo linalokumbukwa: kabla ya reli, baada ya reli. Mwisho andika jina la aliyekupa habari, kwa idhini yake. Mtu akikataa kutajwa, heshimu.

Wale ambao herufi bado zinawasumbua waandike jina la fundi peke yake. Hilo litatosha kwa wiki ya kwanza.

Na kama fundi mwenyewe yu hai, mpelekee kitu chake pamoja na msumari, akwaruze jina lake chini kwa mkono wake. Kwenye bati msumari waandika vizuri. Kwenye mwanzi tumia ncha ya kisu kilichotiwa motoni. Kwenye udongo imechelewa, ila kwa kinachofinyangwa leo, kabla hakijakauka.

Maneno mapya ya leo, yasomeni kwa sauti pamoja na mwalimu: kalibu, kusubu, zinki, ekseli, tela, kadi, mtengenezaji. Hilo la mwisho ni refu. Ligaweni hivi: m-te-nge-ne-za-ji.

Wiki ijayo tutasoma herufi zilizo kwenye mizani na vipimo vya sokoni. Kwa herini.